Kilo 10 kwa sekunde: uchambuzi wa kisa cha grafu nyekundu ya mpwa wangu

Mwezi wa nane mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada, alirudi likizo Mtwara kutoka chuo Dar, kaja na laptopu iliyopasuka kioo pembeni na grafu moja iliyokuwa inamnyima usingizi. Anasoma fizikia mwaka wa mwisho, na projekti yake ni kupima kwa kompyuta hatari za ajali kwenye mtambo wa fyusheni, yani ule wa kuunganisha viini vya atomu kama jua linavyofanya, siyo ule wa kupasua viini ambao ndo watu wengi wakisikia neno nyuklia wanaufikiria. Mi ni fundi boila. Nina zaidi ya miaka ishirini nachemsha maji kiwanda cha korosho, maana korosho kabla ya kubanguliwa inapikwa kwanza na mvuke ganda lilainike, kwa hiyo darasani sikufika mbali ila mvuke naujua kwa sikio, kwa mkono na kwa kovu nililonalo begani.

Naandika kisa hiki chote mpaka mwisho kwa sababu nimeona vijana wengi wanaendesha programu kubwa kubwa, kompyuta inawapa namba, na namba ile wanaibeba kama imeteremshwa. Sisi huku tumekaa na gesi ya Mnazi Bay na bomba linalotoka Madimba kwenda Dar, tunajua thamani ya kuuliza "hii hesabu ya usalama imefanywaje", kwa hiyo hata mtambo ukiwa Ufaransa swali ni lile lile.

Grafu yenyewe ilikuwa hivi. Alichukua chombo cha ombwe, yani kilichotolewa hewa yote, chenye ukubwa wa kile cha ITER, mtambo unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa na nchi za Ulaya pamoja na China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Ujazo wa ndani mita za ujazo 1,400, na kimesanifiwa kuhimili presha ya ndani mpaka bar 2. (Bar 1 ni kama presha ya hewa ya kawaida. Bar zote humu nahesabu kuanzia ombwe kamili, siyo kuanzia hewa ya nje kama geji zetu za kiwandani zinavyosoma, hili lilitugombanisha nusu saa nzima siku ya kwanza.) Kwenye ukuta wa ndani kuna mabomba ya maji ya kupoza, maji yanaingia na nyuzi 70 yakisukumwa kwa bar 40. Yeye akatoboa bomba kwenye kompyuta, tundu la kama sentimita 2 za mraba, maji yakatoka kilo 10 kila sekunde, na presha ikapanda mstari ulionyooka kama mnazi mpaka ikavuka bar 2 kwenye sekunde ya 158. Toka hapo mstari aliupaka rangi nyekundu.

"Mjomba, hata chai haijachemka, chombo kimeshapita kiwango."

Tulikuwa tumekaa barazani Chikongola, giza linaingia, na kiukweli kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba mstari umenyooka mno, maji hayajui kunyooka hivyo. Ila kabla sijafika huko niseme kwanza hatari ya fyusheni iko wapi, maana wengi wanakosea pande zote mbili, kuna anayedhani ni bomu na kuna anayedhani ni taa ya sola.

Mle ndani wanaweka dyuteri na tritiamu, ni ndugu wawili wazito wa hidrojeni, wanazipasha mpaka nyuzi milioni 150 hivi, zinaungana zinatoa heliamu na nyutroni moja yenye nguvu ya MeV 14.1 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo). Mafuta yaliyomo ndani kwa wakati mmoja ni kidogo sana, na moto wenyewe ni mgonjwa, ukiugusa kidogo tu unazimika. Hewa kidogo ikiingia unazimika, maji yakiingia unazimika. Hamna ule mnyororo wa kupasuka unaoweza kukimbia kama ilivyotokea Chernobyl 1986. Hapo ndo watu wanafunga daftari wanasema salama, na hapo ndo mi nakataa. Moto ukishazimika vitu vinabaki. Inabaki tritiamu imejificha kwenye kuta na kwenye vumbi, mionzi yake inapungua nusu kila miaka 12.3. Linabaki vumbi la chuma lililomomonyolewa na plazma, yani ile gesi ya moto mkali, ITER wamejiwekea ukomo wa tani 1 ndani ya chombo. Chuma chenyewe kinabaki na mionzi kwa sababu ya kupigwa na nyutroni, na zile koili kubwa 18 za sumaku zinabaki zimeshika nishati ya gigajuli 41. Na kuna maji. Kwangu mimi maji ndo mtu wa kumwangalia sana, kwa sababu vile vingine vyote vimetulia mahali pake mpaka aje wa kuvibeba, na maji yakigeuka mvuke yanabeba kila kitu, tena yanaibadilisha tritiamu yenyewe. Tritiamu ikiwa gesi ukiivuta nyingi inatoka tu na pumzi, ikishakuwa maji mwili unaipokea kama maji mengine, na kwa viwango vinavyotumika kukadiria madhara, kiasi kile kile cha mionzi kikivutwa kama mvuke wa maji ni kama mara 10,000 zaidi ya kikiwa gesi.

Sasa turudi kwenye mstari ulionyooka. Nikamuuliza, kilo 10 zinazotoka kwenye bomba, wewe umezihesabu zimekuwa nini? Akafungua programu, ameandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu, akanionyesha mstari mmoja unaosema maji yote yakitoka yanakuwa mvuke. Basi ndo hapo. Boila yetu inakaa bar 7 kwenye geji, maji ya mle yana kama nyuzi 170. Ukifungua valvu ya kutolea uchafu chini unaona wingu kubwa unadhani maji yote yamepaa, kumbe ni kama asilimia 13 tu ndo imekuwa mvuke, iliyobaki ni maji yanakwenda mtaroni. Macho yanadanganywa kwa sababu kilo moja ya mvuke kwenye presha ya hewa ya kawaida inachukua mita za ujazo 1.7, yani kilo chache tu zinajaza chumba. Maji ili yawe mvuke lazima yalipe joto, na kama hamna anayewakopesha yanajilipia yenyewe, yanapoa, yakishapoa ya kutosha yanaacha kuchemka.

Nina jedwali la mvuke, karatasi ya zamani imelaminetiwa, ilikuwa inaning'inia chumba cha boila mpaka walipoleta mpya nikaichukua hii nyumbani. Tukalisoma pamoja kwa taa ya simu. Maji ya nyuzi 70 presha yake ya mvuke ni bar 0.31. Maana yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, hata ukimwaga maji ya nyuzi 70 mle ndani usiku kucha, kama hamna joto lingine, presha haitavuka bar 0.31 mpaka maji yenyewe yajaze chombo. Nikaona kisa kimeisha. Yeye pia. Akaandika upya ule mstari, akaweka jedwali ndani ya programu, kabla ya saa nne usiku grafu mpya ikatoka, inapanda kidogo halafu inalala kama bahari ya Msimbati wakati wa kusi kumetulia, rangi yote kijani. Tulikula wali na changu tukiwa na furaha kabisa.

Usiku ule sikulala vizuri. Kuna mwaka, kiwandani (sikitaji, na waliokuwepo wanajua), tulizima boila Jumamosi, tukasubiri masaa, geji ikashuka sifuri, kijana mmoja akaingiza maji ya baridi haraka haraka ili tuwahi kuosha. Maji ya baridi kabisa, ya bombani. Mabati ya ndani yalikuwa bado yana moto ambao geji haisomi, na mvuke uliorudi kwenye mdomo wa tangi ndo huu uliniachia kovu. Maji hayakuwa na joto ila chuma kilikuwa nalo. Nikaamka saa kumi alfajiri nikampigia mlango, nikamwambia, "Mama, kuta, hukuweka kuta."

Tukaweka kuta. Tulikadiria tani 100 tu za chuma kinachoweza kuguswa na maji, kiwe na nyuzi 300 baada ya moto kuzimika, hizi namba ni zetu za kufanyia mazoezi, siyo za ITER. Tani 100 zikipoa toka 300 mpaka 120 zinatoa kama gigajuli 9. Kuipasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 70 na kuigeuza mvuke inataka kama megajuli 2.4. Gawanya, unapata tani 3.7 za mvuke. Na ili chombo cha mita 1,400 kifike bar 2 zinatosha tani 1.6 tu, bar 1.5 (kiwango tulichokiweka dawa ya presha ianze kazi, nitaieleza mbele) ni tani 1.2. Joto lililokaa kwenye chuma linatosha zaidi ya mara mbili. Yani ile grafu yake nyekundu ya kwanza, niliyoidharau mbele yake na karatasi yangu ya kulaminetiwa, haikuwa ya kipuuzi, ilikuwa ni ile hali ya kuta kuchemsha kila tone mara tu linapoingia. Ni mpaka wa mwisho wa ubaya. Nilimwomba radhi, maana nilimfundisha nusu ya somo nikamwachia afurahi nalo, na mjomba kwa sisi watu wa huku neno lake lina uzito kuliko inavyotakiwa wakati mwingine.

Kwa hiyo tukawa na majibu mawili, la kwanza linasema sekunde 158 na la pili linasema kamwe, na yote yametoka kwenye kompyuta ile ile kwa tundu lile lile. Hapa ndo kwenye nyama ya kisa. Tofauti kati ya mawili hayo siyo fizikia ngumu, ni namba moja ambayo hamna kitabu kilichomwandikia, kwamba maji yakiruka toka kwenye tundu yanalowesha mita ngapi za mraba za ukuta wa moto, na ukuta unayapa joto kwa kasi gani. Kuchemsha kilo 10 kila sekunde kunataka megawati 24 ziende kwenye maji mfululizo. Tukichukua kwamba yamelowesha mita 20 za mraba, tofauti ya joto nyuzi 200, na kila mita ya mraba inapitisha wati 1,000 kwa kila nyuzi moja, unapata megawati 4, mvuke kilo 1.7 kwa sekunde, na bar 1.5 unaifikia baada ya kama dakika 12. Ukilowesha mita 200 joto linakuwepo la kuchemsha yote na unarudi kwenye dakika 2. Af ukuta ukianza kupoa kasi inashuka, na maji yakikutana na chuma cha moto sana yanarukaruka juu ya blanketi la mvuke wake mwenyewe kama tone kwenye kikaango bila kugusa vizuri, hapo kasi inashuka tena.

Dakika 2 au dakika 12. Kwa mtu wa usalama hiyo siyo tofauti ndogo, dakika 12 mtu anaweza kusoma alamu, akaelewa, akafunga valvu. Dakika 2 hamna mtu, lazima kitu kijifanye chenyewe. Na mi msimamo wangu ni kwamba kama modeli yako haiwezi kukutofautishia hizo mbili basi unasanifu kwa ile ya dakika 2, unaishukuru kompyuta kwa kukuonyesha pale ambapo hujui, na huandiki wastani wa dakika 7 kwenye ripoti. Nimesisitiza hili la wastani kwa sababu yeye alikuwa tayari ameshauandika.

Nilimkumbusha Aprili 2019, kimbunga Kenneth. Alikuwa sekondari. Tuliambiwa Mtwara tujihadhari, tukae maeneo ya juu, shule zikafungwa, na usiku wa tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado upande wa Msumbiji, sisi tukapata pembe tu. Wiki nzima mtaani maneno yalikuwa walituongopea. Hawakutuongopea, ile ramani ya njia ya kimbunga ilikuwa na upana, na Mtwara ilikuwa ndani ya ule upana, ila sisi tulisikia kama mstari mmoja. Wenzetu ng'ambo ya Ruvuma walipata mstari wenyewe. Toka hapo akaacha kuchora mstari mmoja kwenye grafu, akachora eneo lenye kivuli, juu dakika 2, chini zile zingine, na ukurasa huo ndo naupenda kuliko yote kwenye kazi yake.

Kilichofuata sikukitegemea, na yeye ndo alikiona. Alikuwa anasoma hali mbalimbali za mtambo akakuta kuna kipindi wanaita kuoka, yani kabla ya kuwasha plazma wanapitisha maji ya moto kwenye kuta ili zitoe unyevu na gesi zilizonasa. Maji ya kuoka kule ITER ni nyuzi 240, kwa bar 44. Plazma hamna, moto wa nyutroni hamna, mtambo umelala. Kwenye orodha yake ya ajali hakukiweka hiki kipindi kabisa kwa sababu alifikiri ajali ya fyusheni lazima kuwe na fyusheni. Akaweka nyuzi 240 kwenye programu, tundu lile lile. Maji ya nyuzi 240 hayahitaji ukuta kuyakopesha kitu, yanakuja na pesa zake, zaidi ya robo yanageuka mvuke yenyewe mpaka presha inafika bar 1.5. Yani tani 4 na ushee za maji zinatosha, kwa kilo 10 kwa sekunde ni kama dakika 7, bila kubahatisha eneo la kulowa wala nini. Na kuta nazo ni za moto, kwa hiyo dakika 7 ndo ya upole.

Nilinyamaza pale. Maana kazini kwetu ni vile vile, boila ikiwa inawaka kila mtu anaiheshimu, ajali yangu mimi ilitokea Jumamosi boila imezimwa. Ukiniuliza kosa kubwa la kupima hatari kwa kompyuta ni lipi nitakwambia hili kabla ya fomula yoyote, kompyuta inajibu orodha uliyoipa na haina namna ya kukwambia kwamba orodha haijakamilika. Kwenye ITER wenyewe hali za kuoka zimo kwenye uchambuzi wao, nasema hivi msije mkadhani binti wa Mtwara kagundua walichosahau. Alichogundua ni alichosahau yeye, na hiyo ilikuwa faida tosha.

Sasa dawa. Kwa mvuke dawa inajulikana, hata sisi tunaijua. Unaweka diski nyembamba inayopasuka yenyewe presha ikifika kiwango, sisi kwenye modeli tuliiweka bar 1.5, na bomba linapeleka mvuke kwenye tangi lenye maji ya baridi, mvuke ukiingia unaganda kuwa maji, ujazo unapotea, presha inashuka. ITER wana mfumo wa namna hii. Hesabu yake inafurahisha, tani 100 za maji zikipanda kutoka nyuzi 20 mpaka 60 zinameza karibu tani 6.8 za mvuke. Kwa tundu letu hata ile hali ya dakika 2 inatulia mradi bomba ni pana na mtu au mtambo anafunga maji ndani ya dakika kumi. Diski haina umeme, haina programu, haina mtu wa kusinzia. Grafu ikakata kona kwenye bar 1.5 ikashuka. Hapo kwa kweli palikuwa pazuri na sitaki kupapunguzia uzuri wake, presha kwenye mtambo wa fyusheni ni tatizo lenye dawa.

Ila tangi linagandisha mvuke tu. Kinachokuja na mvuke ambacho hakigandi kinabaki juu ya maji, kinajikusanya. Mtu wa boila anajua hewa ikinaswa kwenye laini ya mvuke inavyosumbua, haigandi, haitoki, inakaa pale inaziba. Na kule siyo hewa tu, kuna hidrojeni, kwa sababu vumbi la moto likikutana na mvuke linanyang'anya oksijeni ya maji na kuiacha hidrojeni peke yake. Hapa vumbi la nini ndo linaamua. Kilo moja ya berili, chuma chepesi, ikiungua yote kwenye mvuke inaacha kama gramu 224 za hidrojeni. Kilo moja ya tungsteni, chuma kizito, inaacha gramu 33. Karibu mara saba. Ili hidrojeni ifikie asilimia 4 ya ule ujazo wa mita 1,400 kukiwa na hewa ya kawaida, kiwango inapoanza kuweza kushika moto, zinatakiwa kilo 4.6, yani kama kilo 20 za berili au kilo 140 za tungsteni. Sasa fikiria ukomo ni tani nzima ya vumbi, swali linakuwa ni kiasi gani kiko mahali pa moto na ni laini kiasi gani. ITER mwanzo walipanga ukuta wa mbele uwe wa berili, mwaka 2023 wakatangaza kuhamia tungsteni, sababu ziko nyingi ikiwemo sumu ya berili kwa mafundi, lakini kwa hesabu hii ya hidrojeni peke yake naona wamejisaidia.

Hidrojeni peke yake haiwaki. Kwenye chombo kilichojaa mvuke hamna oksijeni. Lazima kuwe na uvujaji wa pili, hewa iingie. Kila mmoja peke yake una dawa yake, maji yakivuja kuna diski na tangi, hewa ikiingia plazma inazimika na chombo kinajaa hewa taratibu, basi. Wakija pamoja ndo kazi, na programu ya mpwa wangu ilikuwa inaendesha tukio moja moja, haikuwa na mlango wa kuleta mawili. Isitoshe ilikuwa inachukulia chombo kama sufuria moja, gesi imechanganyika sawasawa kila kona. Asilimia 4 ya wastani haisemi kitu kama juu ya tangi kuna asilimia 15 na chini hamna. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, 2011 majengo hayakupasuliwa na wastani, hidrojeni ilipanda ikajikusanya ghorofa za juu.

Kuna swali mtu atauliza, kwa nini ahangaike kuandika programu yake wakati zipo kubwa. Ipo MELCOR, ya maabara ya Sandia kule Marekani, ilitengenezwa kwa ajili ya mitambo ya kupasua viini, watu wa maabara ya Idaho wakaiongezea mambo ya fyusheni, na ndo iliyotumika sana kwenye hesabu za ajali za ITER. Ya nyutroni ni MCNP, inarusha nyutroni moja moja kwa bahati nasibu mara mamilioni mpaka picha itokee. Jibu langu ni kwamba angeanza na hizo asingejua lile swali la kuta, kwa sababu programu kubwa ingemjazia yenyewe namba ya kawaida na angeipokea. Na hata hizo kubwa hazikuaminiwa hivi hivi. Japani, taasisi ya utafiti wa nyuklia, JAERI, ilijenga mtambo mdogo wa majaribio, chombo cha ombwe chenye kuta za moto, wakapiga maji ndani kweli kweli, wakapima presha, halafu wakawaambia wenye programu mbalimbali watabiri ndo walinganishe. Namna ile ndo inayonipa imani, mtu amelowesha chuma cha moto kweli akatazama. Sisi tulifanya chetu kidogo, sufuria nene ya chuma jikoni kwa mama yake, jiko la mkaa, sirinji ya maji na simu inarekodi, tukaona kwa macho lile tone linavyocheza juu ya blanketi la mvuke chuma kikiwa cha moto sana na linavyopasuka chuma kikipoa kidogo. Haikutupa namba ya kuandika. Ilimfanya apunguze kujiamini kwenye ile wati 1,000, na aliandika hivyo.

Naliona hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Mwaka 2023 Marekani, tume yao ya nyuklia iliamua mitambo ya fyusheni isisimamiwe kama vinu vya kupasua viini, isimamiwe kwa kanuni za vifaa vya mionzi, na Uingereza mwaka huo huo sheria yao ya nishati ikaenda njia ya namna hiyo. Sipingi, hatari kweli ni ndogo. Lakini masharti yakiwa mepesi, mzigo wa kujua kilichosahaulika unabaki kwa yule anayejaza orodha kwenye kompyuta, na makampuni yanayotaka kujenga haraka yako mengi.

Mwisho wa mwezi wa tisa aliondoka na basi la alfajiri, mvua za kwanza hazijaanguka, sisi kiwandani tunasafisha boila tukisubiri msimu. Ripoti yake ilikuwa na ile grafu nyekundu ukurasa wa kwanza, hakuifuta, chini ameandika kwamba huu ndo mpaka wa ubaya na hivi ndivyo tunavyojua haiwezi kuwa mbaya zaidi kwa tundu hili. Kipindi cha kuoka kimeingia kwenye orodha. Matukio mawili kwa pamoja hakuwahi, ameyaandika kama kazi iliyobaki.

Jumatatu yake nilienda na ile karatasi yangu kwa msimamizi, nikamwomba tuweke kipimajoto kwenye bati la ndani la boila, tusitegemee geji ya presha peke yake kuamua lini maji ya baridi yaingie. Wameweka. Siku ya pili yake ujumbe ukaingia, yuko Dar, saa tano usiku: "Shikamoo mjomba. Kule kwenu hewa ikinaswa juu kwenye laini mnaitoa vipi, na ile inayotoka mnaipeleka wapi?"

Nikakaa kitandani nikaanza kumchorea.